Mwanafunzi wa maabara apewe hadubini, muda na msimamizi

Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mjini Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 kati yao, sawa na asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo vya kina vilipokamilika, waliobainika kuugua homa ya malaria walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Wengine 85 walikuwa na bakteria kwenye damu. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, brusela, homa ya Q na magonjwa ya rikesia. Hakuna hata moja kati ya hayo linalotibika kwa dawa mseto ya malaria. Mtu anaweza kusema Moshi ni mji wenye malaria ndogo, usiupime kwa kipimo cha Kigoma au Mtwara. Ni kweli. Lakini utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2004 baada ya kufanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwaangalia wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa malaria kali, na ni asilimia 46.1 tu waliokutwa na vimelea. La kusikitisha zaidi ni vifo: waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9, wasiokuwa navyo walikufa asilimia 12.1. Waliotibiwa ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa zaidi.

Tukizungumzia udhaifu wa huduma za afya, tumezoea kutaja uhaba wa madaktari, upungufu wa dawa na majengo yasiyotosha. Mara chache tunamtaja mtaalamu wa maabara, na tukimtaja ni nadra kuuliza alifundishwa vipi. Familia nyingi bado zinaichukulia kozi ya maabara kuwa ya kijana ambaye alama zake hazikutosha kumpeleka kwenye udaktari. Vyuo navyo vinajisifu kwa idadi ya wahitimu. Hoja yangu ni kwamba mafunzo ya sayansi ya maabara za afya yanapaswa kupimwa kwa kazi ambayo mwanafunzi ameifanya kwa mikono yake mwenyewe, chini ya jicho la mtu mwenye uzoefu: slaidi alizosoma, bakteria aliowaotesha, sampuli alizozikataa na sababu za kuzikataa. Chuo kisichoweza kumpa mwanafunzi nafasi hiyo kinampa cheti tu. Na taifa linaloruhusu hali hiyo litaendelea kununua dawa za magonjwa ambayo wananchi wake hawana.

Tutazame kipimo ambacho karibu kila Mtanzania amewahi kukipitia, slaidi ya malaria. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo mpaka liwe duara la karibu sentimita moja, lisiwe zito mno wala jepesi mno. Huachwa likauke lenyewe, kwa sababu likiharakishwa kwa moto mkali chembe nyekundu hugandamana na kioo, na vimelea havionekani vizuri. Kisha hutiwa rangi ya Giemsa iliyochanganywa na maji yenye pH ya 7.2. Maji yakiwa na asidi kupita kiasi, kiini cha kimelea hakishiki rangi yake nyekundu inavyotakiwa. Ndipo slaidi huwekwa chini ya hadubini, kwa lenzi ya mafuta, na msomaji anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya kuangalia kabla ya kuandika kwamba hakuna kimelea. Katika safari hiyo atakutana na chembe sahani, mabaki ya rangi na vumbi, na vyote hivyo vinaweza kumdanganya mgeni wa kazi hii. Tukikadiria dakika 8 kwa slaidi moja isiyo na vimelea, slaidi 60 ni kazi ya saa 8 bila kunyanyua kichwa.

Hatua zote hizo mwanafunzi hodari anaweza kuzikariri jioni moja na kuzijibu vizuri kwenye mtihani. Kuona kimelea ni jambo jingine kabisa, na halifundishwi ubaoni. Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 60 lenye hadubini 6. Katika kipindi cha saa mbili, kila mwanafunzi atapata dakika 12 za kutazama, zinazotosha kusoma slaidi moja tu kwa utaratibu unaotakiwa. Kijana huyo akimaliza miaka mitatu ya stashahada kwa mwendo huo, akapangiwa kituo cha afya ambako yuko peke yake, hatakuwa na wa kumuuliza. Foleni ikirefuka atapitia maeneo 20 badala ya 100, ataandika chochote kinachoelekea kufanana na alichotarajia kuona, na mgonjwa ataondoka na jibu lenye mhuri. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea. Kosa lilianza pale tulipomthibitisha kuwa mtaalamu bila kumpa nafasi ya kuona.

Upungufu ni mkubwa zaidi kwenye kuotesha bakteria. Mtu akitoka kupima siku hizi utamsikia akisema amekutwa na UTI na taifodi, na mara nyingi taifodi hiyo imetokana na kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu. Utafiti wa Muheza, mkoani Tanga, uliochapishwa mwaka 2010, ulilinganisha kipimo hicho na kuotesha damu kwa watoto 1,680 waliolazwa. Kati ya kila watoto wanne ambao Widal iliwaonyesha kuwa na taifodi, ni takriban mmoja tu ambaye bakteria wa taifodi walithibitika kwenye damu yake. Njia ya uhakika inadai subira na utaratibu. Ngozi husafishwa vyema na damu huchukuliwa kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki. Chupa hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37. Bakteria wakiota, hupakwa rangi ya Gram, huhamishiwa kwenye sahani, kisha visahani vidogo vya karatasi vyenye dawa huwekwa juu yao. Baada ya usiku mmoja mtaalamu huchukua rula na kupima, kwa milimita, duara ambalo bakteria wameshindwa kuota kuzunguka kila dawa. Duara likiwa dogo kuliko kiwango, dawa hiyo haimfai mgonjwa huyo. Milimita chache ndizo zinazomwambia daktari aandike dawa gani.

Sasa tujiulize ni maabara ngapi zinafanya kazi hiyo. Tathmini ya nchi 14 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, iliyotolewa mwaka 2022 chini ya uongozi wa Jumuiya ya Afrika ya Tiba ya Maabara, iligundua kwamba kati ya maabara zipatazo 50,000 ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Mwaka huohuo jarida la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019. Kampeni za kuwaonya wananchi wasinunue antibiotiki kiholela ni za lazima, lakini daktari asiye na maabara ya kumwambia bakteria ni yupi na dawa ipi inamuua anakisia sawasawa na mnunuzi wa dukani. Na mwanafunzi anayefanyia mazoezi katika hospitali isiyootesha bakteria atahitimu akiijua kazi hiyo kwa picha za kitabuni. Kesho ndiye atakayekuwa mkufunzi, na upungufu wake utarithiwa na darasa zima.

Umuhimu wa ujuzi huu unajitokeza wazi pindi ugonjwa usiojulikana unapolipuka. Mwaka 1952 na 1953, katika eneo la Newala, mkoani Mtwara kwa sasa, watu waliugua homa na maumivu makali ya viungo, ugonjwa ulioelekea kufanana na denge. Damu za wagonjwa zilipochunguzwa maabara ndipo ulimwengu ukakijua kirusi cha chikungunya. Julai 2022, katika mkoa jirani wa Lindi, watu walianza kupata homa na kutoka damu puani. Wagonjwa walifikia 20, watatu walifariki, na hofu ya Ebola ikaanza kusambaa. Vipimo viliondoa uwezekano wa Ebola, Marburg na UVIKO-19, kisha vikathibitisha homa ya mgunda, ugonjwa unaotibika kwa antibiotiki za kawaida na uliokuwa umeshaonekana katika utafiti wa Moshi miaka mingi nyuma. Machi 2023 huko Bukoba vipimo vilithibitisha Marburg kwa mara ya kwanza nchini. Watu 9 waliugua, akiwamo mmoja aliyehesabiwa bila kipimo, na 6 walifariki. Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, iliyoko Dar es Salaam, ilifanya kazi ya kupongezwa. Lakini sampuli haifiki Dar es Salaam yenyewe. Lazima awepo mtu kijijini anayejua kuitoa bila kujiambukiza, kuiandika jina sahihi na kuihifadhi kwenye ubaridi unaofaa. Mtu huyo ni mhitimu wa chuo fulani, na usalama wa taifa unategemea alivyofundishwa.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa sababu vipimo vya haraka na mashine vimechukua nafasi ya hadubini. Hoja hiyo ina uzito. Kipimo cha haraka cha malaria kimefikisha huduma kwenye zahanati zisizo na umeme, na mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu la kifua kikuu kwa muda usiozidi saa mbili. Hata hivyo mashine hupima kile ilichopewa. Mgonjwa akitema mate badala ya makohozi, na aliyepokea kikopo asitambue tofauti, mashine itapima mate na kutoa jibu safi la uongo. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Asiyelijua hilo atamwambia mgonjwa aliyepona kwamba bado anaumwa. Hali kadhalika kwenye kipimo cha potasiamu: chembe nyekundu zikipasuka kwa sababu damu ilivutwa kwa nguvu kwenye bomba la sindano, kiwango hupanda kwa uongo, na daktari anaweza kumtibu mtu hatari ya moyo ambayo haipo. Mtaalamu aliyeiva huona majimaji ya sampuli yamekuwa mekundu, huikataa na kuomba nyingine, hata kama aliyeileta ni daktari bingwa mwenye haraka. Ujasiri huo haupatikani kwenye kijitabu cha maelekezo ya mashine. Hujengwa kwa kufanya kazi kando ya mtu anayeujua na kuutenda.

Pingamizi la pili ni kwamba hata majibu yawe sahihi, madaktari hawayafuati. Ushahidi upo. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile: asilimia 51 kwa waliopimwa kwa hadubini, asilimia 54 kwa kipimo cha haraka. Wengine wanahitimisha kwamba tatizo liko kwa matabibu na tuwaache watu wa maabara. Mimi naona tofauti. Tabibu aliyewahi kupata jibu la slaidi lililopingana na hali ya mgonjwa, si mara moja wala mbili, hujifunza kuitegemea hisia yake. Tabia hiyo ilijengwa na majibu mabovu ya miaka mingi, na itabomolewa na majibu mazuri ya miaka mingi, pamoja na wataalamu wanaoweza kusimama mbele ya tabibu na kueleza kwa nini jibu lao liaminiwe. Pia jibu la kwamba mgonjwa hana malaria lina faida ndogo likiishia hapo. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara: asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, malaria ilikuwa karibu asilimia 10, na wengi waliugua kwa virusi visivyohitaji antibiotiki. Tabibu ataacha kuandika dawa mseto kwa mazoea pale maabara itakapomsaidia kujua kilichobaki.

Pingamizi la tatu ni la wazazi, na ni la haki: kwa nini tuwekeze kwenye kozi ambayo wahitimu wake wako mitaani wakisubiri ajira, wengine wakijitolea bila mshahara? Ni aibu kwamba vijana waliosoma wanakaa nyumbani wakati kuna vituo visivyo na mtu wa maabara, na Serikali ina wajibu wa kuongeza ajira za kada hii. Ila jibu la tatizo hilo haliwezi kuwa kuendelea kuzalisha wahitimu wengi ambao hawajaiva. Sisemi tupunguze umuhimu wa kozi. Nasema chuo kipangiwe idadi ya wanafunzi kwa kuhesabu hadubini zake, wakufunzi wake na nafasi za mazoezi katika hospitali kinazoshirikiana nazo, na si kwa kuhesabu viti vya darasani. Chuo chenye uwezo wa kuwafunza vijana 40 kisipewe 120. Wahitimu wachache wanaojua kazi watapata ajira kwa urahisi zaidi, hata kwenye maabara binafsi, kuliko wengi ambao mwajiri analazimika kuwafundisha upya.

Linabaki la gharama. Vitendanishi ni ghali, hospitali zimeelemewa, na msimamizi mwenye foleni ya wagonjwa 100 hana muda wa kumshika mkono mwanafunzi. Haya yote ni kweli, lakini si kila dawa yake ni ya fedha nyingi. Slaidi iliyopakwa rangi vizuri na kufunikwa hudumu miaka. Kila chuo kinaweza kuwa na akiba ya slaidi mia kadhaa, zenye vimelea na zisizo navyo, ambazo majibu yake yamethibitishwa, na mwanafunzi akajipima nazo kila wiki bila kumgusa mgonjwa yeyote. Hospitali inayopokea wanafunzi ilipwe sehemu ya ada wanayolipa, na msimamizi atengewe saa za kufundisha kama sehemu ya kazi yake. Kuhusu gharama kubwa, kama za kuotesha bakteria katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, tuzilinganishe na tunachopoteza sasa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mfuko wa bima unaolipia dawa ya malaria kwa mgonjwa mwenye brusela, kisha antibiotiki isiyomfaa, kisha kitanda alichokilalia kwa wiki mbili za ziada, utafilisika kwa sababu ya majibu mabovu. Hakuna mfuko utakaokuwa na faida kubwa ya kuona maabara zinafanya kazi sawasawa kuliko huo.

Njia ya kuanzia ipo. Wahitimu wa shahada hupitia mwaka mmoja wa utarajali, na usimamizi wa karibu wa aina hiyo unawastahili pia wa stashahada, ambao ndio wanaozibeba maabara nyingi za vituo vya afya. Kila mwanafunzi awe na daftari la kazi lenye kiwango cha chini kinachojulikana nchi nzima: slaidi kadhaa za malaria na za kifua kikuu, sampuli kadhaa za damu na mkojo alizootesha mwenyewe hadi mwisho, makundi ya damu aliyoyapima na kuyalinganisha kabla ya mgonjwa kuongezewa damu. Kila ukurasa uwe na sahihi ya msimamizi aliyeiona kazi hiyo ikifanyika. Mtihani wa mwisho uwe na sehemu ambayo mtahiniwa anapewa slaidi 10 zisizo na jina, na akishindwa kuzisoma asifaulu, hata kama insha zake zilikuwa nzuri.

Kwa wazazi na vijana waliofaulu Kemia na Baiolojia na sasa wanatafuta chuo, nina ombi moja. Kabla ya kulipa ada, nendeni chuoni mkaulize maswali manne: usajili wa chuo uko wapi, hadubini ni ngapi kwa wanafunzi wangapi, mazoezi yanafanyika hospitali gani, na je, hospitali hiyo inaotesha bakteria? Chuo kinachojiheshimu kitawajibu hapohapo na kuwafungulia mlango wa maabara mjionee. Kisichoweza kujibu hakistahili fedha zenu. Kwa vijana wenye alama za juu nasema pia, msiidharau kozi hii wala kuikimbilia kwa kukata tamaa, maana inahitaji akili iliyotulia na uaminifu wa kiwango cha juu kabisa. Na kwa Wizara ya Afya pamoja na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ombi ni fupi zaidi. Leseni zinatoka kwenu. Msimpe leseni mtu ambaye hajathibitisha, mezani pa maabara na mbele ya msimamizi, kwamba kazi hii anaiweza.